Umbo la Protini na Usugu wa Malaria

Mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini na kuifanya SP kuwa dawa ya kwanza ya kutibu malaria. Mwaka 2006 SP nayo ikaipisha dawa ya mseto, ALu. Tangu hapo SP imebaki kuwa kinga kwa wajawazito, wakiwamo wale wa Nalasi, mkoani Ruvuma. Je, kwa nini dawa iliyoponya jana ishindwe leo? Sehemu kubwa ya jibu imo katika umbo la protini.

Tundu na kizibo

Protini ni mnyororo wa asidi-amino uliojikunja, na mkunjo huo ndio huipa uwezo wa kufanya kazi. Kimelea cha malaria kina kimeng'enya kiitwacho DHFR, ambacho bila hicho hakiwezi kujenga DNA. Pirimethamini, mojawapo ya dawa mbili ziundazo SP, huingia katika tundu la kimeng'enya hicho na kuliziba. Katika vimelea sugu, asidi-amino ya 108, yaani serini, imebadilika kuwa asparajini, ambayo ni kubwa zaidi.

Kazi ya kompyuta

Katika miaka ya 1990 umbo la DHFR ya kimelea lilikuwa halijapimwa. Wataalamu walichukua maumbo yaliyojulikana ya DHFR za viumbe wengine, wakayatumia katika kompyuta kukadiria lile la kimelea. Vielelezo hivyo vilionyesha kwamba asparajini hugongana na ncha ya pirimethamini yenye klorini. Molekuli ambayo kimeng'enya huishughulikia kwa kawaida haifiki mahali hapo. Kwa hiyo huendelea kuingia, na kimelea huishi.

Mwaka 2003 wanasayansi wa Thailand walilipima umbo lenyewe kwa kupiga fuwele zake eksirei, na mgongano huo ukathibitika. Mwaka 2012 walitangaza P218, dawa ya majaribio iliyosanifiwa ipindike na kuukwepa.

Tangu mwaka 2021 programu ya AlphaFold imerahisisha mno ukadiriaji wa maumbo. Hata hivyo, athari ya badiliko la asidi-amino moja mara nyingi haionekani katika makadirio yake. Kompyuta huonyesha pa kutazama. Maabara ndiyo huthibitisha.

Zoezi

Toboa katika donge la udongo tundu linalotosha punje ya hindi. Bandika kivimbe kidogo ubavuni mwa tundu, kisha jaribu kuingiza punje ya hindi na punje ya mpunga. Ipi inawakilisha pirimethamini? Toa sababu.