Kisukari cha mama na moyo wa mtoto mchanga

Mtoto akizaliwa na kilo nne au zaidi, wengi humpongeza mama kwa kulea mimba vizuri. Yawezekana mtoto ni mzima kabisa, alhamdulillah. Lakini ikiwa mama ana kisukari, uzito huo waweza kuwa dalili kwamba mtoto alipata sukari nyingi tumboni, na moyo wake unahitaji kuangaliwa.

Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, lakini insulini ya mama haipiti. Kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini nyingi, nayo humnenepesha na huweza kuongeza unene wa misuli ya moyo wake. Wengi hurudi katika hali ya kawaida baada ya miezi michache; baadhi hupata shida ya kupumua.

Madhara mengine huanza mapema zaidi. Moyo huumbika katika wiki 8 za mwanzo, wakati mama wengi hawajajua kuwa wana mimba. Sukari ikiwa juu wakati huo, mtoto aweza kuzaliwa na tundu kwenye moyo. Ndugu msomaji, zingatia haya:

1. Mwenye kisukari aende kliniki na mumewe kabla ya kushika mimba. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kinatakiwa kiwe chini ya asilimia 6.5, ikiwezekana bila sukari kushuka mno. Asiache dawa bila ushauri wa daktari.

2. Wajawazito wengine wapimwe sukari kati ya wiki ya 24 na 28. Kisukari cha mimba mara nyingi hakina dalili.

3. Kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, amuulize daktari. Suratul Baqara, aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine. Asione haya kuitumia.

4. Ajifungulie hospitali. Mtoto anyonye ndani ya saa moja na apimwe sukari, kwani huweza kushuka ghafla.

Mtoto akipumua haraka, midomo au ulimi ukawa bluu, au akitoka jasho na kuchoka anaponyonya, asicheleweshwe nyumbani kwa kudhani ni kijicho. Asomewe dua huku anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Mtoto ni amana, na kutafuta tiba ni sehemu ya kuilinda.

Wabillahi tawfiq.