SOMO LA KIKUNDI: CHAJI IKIISHA NJIANI JE?

Siku hizi pikipiki za stima zimeingia Kenya, na kuna vikundi vinavyowaza kukopa ili kuzinunua. Tangu 2023 Kenya Power ina bei maalumu ya stima ya kuchajia vyombo hivi. Lakini kijana wa boda boda anauliza kwanza, "Chaji ikiniishia mlimani nitafanyaje?" Tusimcheke. Pikipiki ikilala, mkopo haulali.

Wenzetu walijifunza nini?
Kuanzia 2009, watafiti mjini Berlin, Ujerumani, waliwafuatilia madereva waliopewa magari ya stima aina ya MINI E. Waliona kwamba madereva hawakupenda kuitumia chaji yote, walibakiza akiba. Waliona pia kwamba mtu akishalizoea gari lake, wasiwasi hupungua.

Tupige hesabu yetu
Tuseme betri inabeba yuniti 3, na kwenye tambarare yuniti 1 inakwenda kama kilomita 30. Basi kuzunguka Voi mjini si shida. Kupanda Wundanyi ni mambo mengine. Ni kama kilomita 40, na unapanda karibu mita 800. Pikipiki, mwendeshaji na abiria mmoja ni kama kilo 270. Kuwainua tu kunakula karibu robo tatu ya yuniti, juu ya ile ya mwendo. Ukifika, yuniti 2 zimekwisha, imebaki 1. Kuteremka kunakula kidogo, lakini ukiongeza mzigo, au betri ikiwa imezeeka, akiba ni nyembamba.

Kazi ya kufanya kabla ya kukopa
1. Kwa siku 7, kila mwendeshaji aandike kilomita zake, mizigo, na milima aliyopanda.
2. Chukueni siku iliyokuwa ndefu kuliko zote. Pigeni hesabu ya yuniti zake, kisha ongezeni robo iwe akiba.
3. Tafuteni mahali pa kuchajia kule mwisho wa safari, mkapatane bei na mwenye duka. Mkumbuke kuchaji huchukua saa kadhaa, na stima hupotea.
4. Msitie sahihi kabla ya kuijaribu pikipiki mlimani, ikiwa na abiria.

Hesabu ikitosha ndani ya betri moja, hofu hiyo ni ya ugeni tu, itaisha kwa kuzoea. Isipotosha, hofu inasema kweli: ongezeni betri ya pili kwenye bajeti, ama pikipiki hiyo ibaki kazi za mjini.

Maswali ya kujadili
- Ni safari gani inayotuletea pesa nyingi, na ina mlima?
- Betri ikichoka kabla mkopo haujaisha, nani atalipa?
- Chaji ikimwishia mwenzetu usiku, nani atakwenda kumchukua?

Mweka hazina ayaandike majibu kwenye daftari la kikundi kabla ya kutoa pesa.