Kompyuta Iliyokataa Kuwaka Baada ya Kufunguliwa



Wakati wa kiangazi vumbi la Kithyoko, upande wa Machakos, huingia kila mahali: katika nguo, katika unga, na katika kompyuta ya mezani unayoandikia hesabu za shamba. Basi uliona vema kuifungua uifute. Ulipokwisha kuifunga ulibonyeza swichi, ikawa kimya. Moyo ulishtuka, maana ndani yake mna hesabu za mbegu, za maziwa na za mkopo.

Usifadhaike. Hesabu hizo hukaa katika diski, wala hazifutiki kwa sababu mashine imekataa kuwaka. Tena, chombo kilichokuwa kizima kabla ya kufunguliwa, mara nyingi kosa lake liko pale mkono ulipopita. Injini ya pampu ikikataa baada ya kufunguliwa, huanza kutazama ulichokilegeza. Fanya vivyo hivyo hapa.

Kwanza, usalama. Chomoa waya ukutani. Umeme wetu ni wa volti 240, nao huua. Bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliosalia uishe. Kisha shika chuma kitupu cha sanduku, kwa kuwa wakati wa ukavu mwili hukusanya umeme mdogo uwezao kuharibu vibao. Kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani usikifungue kamwe. Huhifadhi umeme hata kikiisha kuchomolewa.

Sasa ifuate dalili.

1. Hakuna taa wala feni. Jaribu soketi kwa taa nyingine. Tazama swichi ya nyuma yenye alama I na O. Iwe kwenye I. Ndani, sukuma sawasawa plagi kubwa ya ubao mkuu, ambayo kwa kawaida ina matundu 24. Tazama pia nyaya nyembamba zitokazo kwenye swichi ya mbele. Ni rahisi kung'oka.

2. Feni yazunguka, skrini ni giza. Toa vibao vya kumbukumbu, virudishe, uvikandamize mpaka vishikizo vibane. Angalia na plagi ndogo ya umeme iliyo karibu na prosesa, yenye matundu 4 au 8. Husahauliwa sana.

3. Yawaka kisha yazimika. Huenda feni ya prosesa haikuunganishwa, au imelegea. Usiendelee kuiwasha, yaweza kuharibika.

4. Yawaka, lakini yasema haioni diski. Diski ina nyaya mbili, mmoja wa umeme na mmoja wa habari. Zikaze zote.

Rekebisha jambo moja tu, ujaribu, kisha uchomoe tena kabla ya kugusa jingine. Ukibadili matatu pamoja hutajua lipi lilikuwa kosa. Ukisikia harufu ya kuungua, acha. Ipeleke kwa fundi, nawe umweleze bila haya yote uliyoyagusa. Ukimficha, utamlipa kwa kutafuta unachokijua.

Na siku nyingine, kabla ya kushika bisibisi, fanya mambo mawili: nakili hesabu zako katika flashi, na piga picha ya nyaya kwa simu kabla ya kuchomoa hata mmoja.

Maswali ya kujipima: Kwa nini tunashika chuma kitupu kwanza? Feni ikizunguka na skrini ikiwa giza, utaanzia wapi?