KIPANYA KISICHOTUMIA WAYA KINAPOCHELEWA: NAMNA YA KUTAFUTA KOSA KABLA YA KUKITUPA

Somo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

UTANGULIZI

Katika ofisi nyingi za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe, Ng'ambo na mashamba ya Unguja, kompyuta mpakato imekuwa chombo cha kazi cha kila siku. Pamoja nayo aghalabu huja kipanya kisichotumia waya, ambacho wengi hukiita mausi. Kipanya cha namna hii hupunguza msongamano wa nyaya mezani, lakini kina maradhi yake. Mshale ulioko kwenye kioo hubaki nyuma ya mkono, huganda kwa sekunde moja au mbili, kisha huruka hadi pahala pasipokusudiwa.

Tatizo hili si dogo kama linavyodhaniwa. Afisa anayeingiza taarifa za vizazi, za ardhi au za mishahara huchagua jina moja kati ya majina mengi yaliyopangwa mstari chini ya mstari. Majina ya Visiwani hufanana mno: orodha moja yaweza kuwa na watu watatu wenye jina moja na jina moja la baba, wakatofautishwa kwa jina la babu tu. Mshale ukiruka mstari mmoja, haki ya mtu huandikwa kwa mwenziwe. Vilevile afisa anapoona kwamba kompyuta haikuitika, hubofya mara ya pili na ya tatu, na ombi moja likaweza kupelekwa mara mbili. Anayepata taabu ya kurejea ofisini kusahihisha ni mwananchi.

Upande wa pili ni fedha. Kipanya kizima kikitupwa na kingine kikanunuliwa, ilhali kilichohitajika ni betri moja au kuhamisha meza, hiyo ni hasara iliyoepukika. Madhumuni ya somo hili ni kuonesha kuwa kosa hutafutwa kwa mpango: huanzwa na lile lisilo na gharama, na hubadilishwa jambo moja tu kwa wakati mmoja.

KIPANYA HUFANYAJE KAZI

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi ya Zanzibar, na Douglas Engelbart na Bill English huko California, Marekani. Kilikuwa kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake na waya nyuma yake. Kilioneshwa hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Disemba, 1968.

Kipanya cha leo hakina magurudumu hayo. Chini yake mna taa ndogo na jicho linalopiga picha za uso wa meza kwa maelfu katika kila sekunde. Kwa kulinganisha picha hizo, kipanya hujua mkono umekwenda upande gani na kwa umbali gani. Habari hiyo hupelekwa kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta. Vipo vipanya vinavyopeleka habari kwa kipokezi kidogo kinachochomekwa katika tundu la USB, na vipo vinavyotumia Bluetooth iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe.

Kwa hivyo safari ya habari ina vituo vinne: betri inayotoa nguvu, jicho linalosoma meza, mawimbi yanayopita hewani, na kompyuta inayopokea. Kuchelewa kwa mshale hutokana na kimojawapo cha vituo hivyo.

HATUA YA KWANZA: KUJUA KOSA LIKO UPANDE GANI

Kabla ya kugusa chochote, mtumiaji aache kipanya na ausogeze mshale kwa kidole, kwa kutumia kile kibao cha kugusa kilichoko chini ya herufi za kompyuta mpakato. Jaribio hili huchukua nusu dakika na halina gharama.

Ikiwa mshale bado unachelewa, basi kipanya hakina hatia. Kompyuta ndiyo iliyolemewa: programu nyingi zimefunguliwa kwa pamoja, au kompyuta inajisasisha kimyakimya, au kuna virusi. Dawa yake ni kuhifadhi kazi, kufunga programu zisizotumika na kuizima kompyuta na kuiwasha upya. Ikiwa mshale unakwenda sawasawa kwa kidole, basi kosa liko katika kipanya, katika mawimbi au katika mipangilio inayokihusu, na uchunguzi uendelee kwa utaratibu ufuatao.

HATUA YA PILI: BETRI

Betri inayokaribia kwisha haizimi kipanya papo hapo. Kwanza hudhoofisha mawimbi yake, na mshale huanza kusuasua. Kwa sababu hiyo, taa kuwaka si ithibati kwamba betri ni nzima. Itiwe betri mpya, au kama ni kipanya cha kuchajiwa, kichajiwe mpaka kijae, kisha kijaribiwe tena.

Hali ya hewa ya kisiwani nayo ina sehemu yake. Unyevunyevu wa masika na hewa ya chumvi itokayo baharini hula vyuma vinavyogusa ncha za betri. Mlango wa betri ufunguliwe na vyuma hivyo viangaliwe. Vikiwa na ukungu wa kijani au unga mweupe, betri iondolewe na vyuma visafishwe kwa pamba iliyotiwa spiriti kidogo. Unga mweupe uliotoka katika betri ya alkali hulainika kwa tone la siki au la ndimu kwenye pamba. Baadaye pahala hapo pafutwe na paachwe pakauke kabisa kabla ya kutia betri mpya. Unga huo huunguza ngozi, hivyo usiguswe kwa mkono mtupu, na watoto wawekwe mbali.

HATUA YA TATU: USO WA MEZA

Jicho la kipanya huhitaji kuona alama za meza, hata zikiwa ndogo namna gani. Meza yenye kioo juu, marumaru iliyosuguliwa au ubao uliopakwa vanishi ing'aayo hurudisha mwanga ovyo, na jicho hukosa cha kulinganisha. Hapo mshale hutetemeka au huruka. Mkeka wa ukili nao haufai, kwa kuwa kipanya hupanda na kushuka katika mafundo yake.

Iwekwe karatasi ya kawaida au kitambaa kilichonyooka chini ya kipanya. Mshale ukitulia, kosa limejulikana, na hakuna haja ya kununua chochote isipokuwa kipande cha kuwekea kipanya. Aidha, kipanya kigeuzwe, kizimwe kwanza, na vumbi au unywele uliokaa katika tundu la jicho uondolewe kwa pamba kavu.

HATUA YA NNE: MAWIMBI

Hiki ndicho kituo ambacho watu wengi hukisahau, kwa kuwa mawimbi hayaonekani. Vipanya vingi visivyotumia waya hufanya kazi katika masafa ya gigahezi 2.4. Masafa hayo hayo hutumiwa na Wi-Fi, na Bluetooth, na hata jiko la maikrowevu linapopasha chakula hutoa mawimbi katika eneo hilo. Ni mfano wa kichochoro kimoja kinachopitiwa na wapita njia, baiskeli na mikokoteni: kila mmoja ana haki ya kupita, lakini wakizidi husongana.

Nyumba za Mji Mkongwe zina jambo lao la pekee. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, na huyapunguza nguvu mawimbi ya Wi-Fi. Pale ambapo kwa ajili hiyo huwekwa ruta zaidi ya moja ili kila chumba kipate intaneti, mtumiaji hujikuta amekaa karibu mno na mojawapo, na kipanya chake husikika kwa taabu.

Msongamano mwingine hutoka katika kompyuta yenyewe. Matundu ya USB ya aina ya 3.0, ambayo aghalabu ulimi wake wa ndani ni wa rangi ya buluu, hutoa kelele ya redio katika masafa ya gigahezi 2.4 pale kifaa cha aina hiyo kinapofanya kazi. Kampuni ya Intel ililieleza jambo hili katika waraka wa mwaka 2012. Ndiyo maana kipanya chaweza kuwa kizima asubuhi, kikaanza kusuasua mara tu diski ya nje inapochomekwa kando ya kipokezi.

Tiba zake ni hizi:

1. Kipokezi kihamishiwe tundu la upande wa pili wa kompyuta, mbali na diski ya nje, na ikiwezekana katika tundu lisilo la 3.0.

2. Kipokezi kichomekwe katika waya mfupi wa kurefushia wa USB, ili kikae juu ya meza karibu na kipanya na pasiwe na kizuizi baina yao. Meza ya chuma na kabati la chuma huzuia mawimbi.

3. Ruta iondolewe juu ya meza ya kazi. Ikiwa ruta na kompyuta zina uwezo wa gigahezi 5, kompyuta iunganishwe na Wi-Fi kwa masafa hayo, na yale ya 2.4 yaachiwe kipanya.

4. Kwa kipanya cha Bluetooth, kifutwe katika orodha ya vifaa vya kompyuta na kiunganishwe upya.

HATUA YA TANO: MIPANGILIO YA KUBANA UMEME

Umeme wa Unguja hufika kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara tangu mwaka 1980, na waya wa pili ulianza kazi mwaka 2013. Wakaazi wa kisiwa hiki wanakumbuka giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, na kila mtumishi anajua faida ya kompyuta inayoendelea kufanya kazi umeme unapokatika. Lakini kompyuta inapohamia kwenye betri yake, huanza kubana matumizi, na huweza kulilaza tundu la USB ambalo kipokezi kimechomekwa. Mkono ukitulia kidogo kipanya husinzia, na kikiamshwa huchelewa.

Dalili yake ni kwamba kipanya ni kizuri wakati kompyuta iko kwenye umeme, na kibaya ikiwa kwenye betri. Katika kompyuta zinazotumia Windows, ifunguliwe sehemu iitwayo "Device Manager", zitafutwe sifa za kitovu cha USB, na katika ukurasa wa usimamizi wa umeme iondolewe alama inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho. Kwa kompyuta za ofisi kazi hii ifanywe na mtaalamu wa kompyuta wa taasisi husika au kwa idhini yake.

HATUA YA SITA: HUKUMU

Baada ya hatua zote hizo, kipanya kijaribiwe katika kompyuta nyengine, pamoja na kipokezi chake mwenyewe. Kikichelewa na huko, kipanya au kipokezi kimeharibika. Kikienda vizuri, kasoro imo katika kompyuta ya kwanza, na kununua kipanya kipya hakutasaidia kitu. Hapo tu ndipo inapofaa kuandika ombi la kifaa kipya au la matengenezo.

MAMBO YA KUZINGATIWA

Watumishi wanakumbushwa kwamba wakati kosa linatafutwa, kazi ya kumbukumbu za wananchi isifanywe kwa kipanya kinachoruka. Kitumike kibao cha kugusa, au kipanya cha waya, ambacho hakina betri ya kwisha wala mawimbi ya kugongana. Ofisi zinazoshughulikia daftari za majina zitafanya vyema kuwa na kipanya cha waya cha akiba. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, jina la mtu, la baba na la babu lisomwe tena. Ikiwa kompyuta haikuitika, afisa asubiri na aangalie kwanza kama ombi limekwishapokewa, ndipo abonyeze tena.

Kipokezi ni kidogo na hupotea kwa wepesi. Kikimaliza kutumika kirejeshwe katika nafasi yake ndani ya tumbo la kipanya. Vipokezi visibadilishwe baina ya meza na meza, kwani kila kimoja kimefungamanishwa na kipanya chake. Kipanya kisichotumika kwa muda mrefu kitolewe betri.

Mwisho, kila anayepeleka kipanya kwa fundi au kuomba kipya aandike mambo matatu: dalili zilizoonekana, hatua alizozijaribu, na matokeo ya kila hatua. Maelezo hayo ya mistari mitatu humwepusha fundi kuanza upya, huiepusha taasisi gharama, na humfupishia mwananchi muda wa kusubiri dirishani.