Nilivyowatungia Waoru Ahera: Mafunzo Niliyopata

Ukimwambia mtu wa Eldoret kwamba unaandika riwaya, atakuuliza utaiuza wapi. Ukiongeza kwamba ndani yake kuna dini uliyoibuni mwenyewe, atauliza kama kuna sadaka. Riwaya yangu inahusu Waoru, watu wa kubuni wanaoishi kwenye uwanda wa juu unaokatika ghafla, kama ardhi inavyokatika pale Iten na kukuachia bonde la Kerio miguuni. Kuwatungia roho na maisha baada ya kifo kumenifunza mambo haya.

1. Anza na matanga

Peponi ni rahisi kuchora. Unapanga tabaka saba, unaweka milango na walinzi, na msomaji anavisahau vyote akifunua ukurasa. Matanga hayasahauliki. Mtu akifa huku kwetu, kikao cha jioni hakijadili roho imeelekea wapi. Kinajadili hema, bili ya mochari, mchango utumwe kwa simu ya nani, na kama mke wa kwanza na wa pili watakaa safu moja. Tega sikio vizuri: imani yote imo humo.

Kwa hiyo Waoru niliwapa kanuni moja tu. Mtu akifa, pumzi yake huondoka na upepo siku hiyohiyo, lakini kivuli chake hubaki nyumbani hadi mvua za mwaka ziishe. Muda wote huo mlango haufungwi usiku, wala ng'ombe wake hauzwi. Nilipowasomea wenzangu sura yenye kanuni hiyo, mama mmoja anayeuza maziwa ya mursik alinikatiza: "Mwanangu, mlango wazi usiku kucha? Na wezi wa ng'ombe je?"

Watu walicheka, lakini swali lile lilizaa nusu ya dini. Lazima awepo mlinzi wa mlango. Mlinzi naye lazima ale, basi apewe maziwa ya ng'ombe wa marehemu. Akishayazoea maziwa, hana haraka ya kutangaza kwamba kivuli kimeondoka. Hapo nikawa na makuhani, nikawa na mjane anayetaka kumuuza ng'ombe alipe deni, nikawa na kesi.

2. Kila kanuni iwe na wasiohusika nayo

A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kuhusu Wanandi mwaka 1909. Kina jicho la mtawala na kinataka kusomwa kwa tahadhari, ila alichosimuliwa na wazee ni hazina. Anaeleza kwamba roho ya mtu ilidhaniwa kuwa katika kivuli chake, na kwamba baada ya kifo vivuli vya wema na vya waovu huenda kuishi chini ya ardhi. Kivuli cha Waoru nimekiazima hapo, sifichi.

Anaeleza pia kwamba kwa Wanandi wa wakati huo maiti ilitolewa nje ikaachiwa fisi. Lakini kikongwe na mtoto mchanga walizikwa, tena kwenye samadi karibu na zizi la ng'ombe, na kikongwe hakuliliwa, maana alikuwa amefika alikokuwa akitazamia kufika. Mtungaji aliyejifungia chumbani angewapeleka wote kwa fisi au wote kaburini, kisha akajisifu kwamba dini yake imenyooka. Dini za watu hazijanyooka hivyo. Nami sasa nina Waoru wasioacha kivuli: mtoto asiyepewa jina, na mtu aliyefia safarini. Huyu wa safarini ndiye anayenipa taabu, na ndiye anayebeba riwaya.

3. Kifo kisiwe na chanzo kikubwa

Wanandi husimulia kwamba mbwa aliwajia watu akasema: mtakufa kama mwezi, lakini mtafufuka siku ya tatu mkinipa maziwa kwa kibuyu chenu na pombe kwa mrija wenu. Wakamcheka, wakammiminia kwenye kigoda. Mbwa akanywa, akaondoka amekasirika, na tangu hapo ni mwezi tu unaorudi. Hakuna vita mbinguni wala joka. Ni mgeni aliyenyimwa chombo cha heshima. Kisa kifupi hivi kinakuonyesha nani anakaribishwa kwenye chungu cha pombe na nani haketi hapo. Sijapata kutunga kitu kinachokaribia hiki kwa ubora.

4. Peleka imani mahakamani

Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986 na akazikwa tarehe 23 Mei 1987, huko Nyalgunga, Siaya. Katikati ya tarehe hizo mkewe Wambui na ukoo wake marehemu wa Umira Kager walivutana hadi Mahakama ya Rufani kuhusu mahali atakapolazwa. Mwanafalsafa Odera Oruka aliitwa kutoa ushahidi kuhusu mila za Waluo. Mambo ya wafu, ambayo kwa kawaida hunong'onwa, yaliulizwa na kujibiwa kwa kiapo, na nchi nzima ikafuatilia magazetini. Kesi ya mjane wangu imechukua sura tatu kwa sababu hiyo. Kama kivuli kipo kweli, sijasema popote. Mwandishi akisema, mabishano yamekwisha na riwaya imekufa.

5. Usichezee dini ya jirani

Baada ya Shakahola mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa msituni Kilifi, Mkenya akisikia dini mpya hushtuka, na ana haki. Msomaji wangu anaonyeshwa mapema nani anafaidi maziwa. Majina nayo ni ya kubuni: Mungu Asis na mizimu oiik sikuwagusa, kwa kuwa wapo wazee hapa Uasin Gishu ambao kwao hayo si hadithi.

Wazee hao ndio ninaowahitaji. Kama una bibi au shangazi upande wa Keiyo au Marakwet anayekumbuka jinsi wafu walivyoagwa kabla ya makaburi ya saruji, muombe ruhusa umrekodi kwa simu yako mwaka huu, hata kama huna riwaya ya kuandika.