Siku Moja Brighton

Fungueni ramani ya Uingereza, mtafute London. Kisha telezesheni kidole kuelekea kusini mpaka baharini. Hapo kidole kigusapo maji ndipo ulipo mji wa Brighton. Kutoka London ni mwendo wa maili 50 hivi, na gari la moshi huumaliza kwa muda wa saa moja. Twaliita gari la moshi kwa mazoea tu, maana njia ile huendeshwa kwa umeme tangu mwaka wa 1933.

Na tumfuate kijana mmoja, mzaliwa wa Kariakoo, Dar es Salaam, asomaye London, aliyekwenda huko Jumamosi moja ya mwezi wa Juni. Alishuka stesheni asubuhi, akafuata barabara iteremkayo moja kwa moja mpaka pwani.

Alitazamia mchanga, akakuta kokoto. Kokoto tupu, za kahawia na kijivu, zenye kuteleza chini ya viatu na kulia kila wimbi lirudipo. Sababu yake ni hii. Vilima vilivyo nyuma ya mji ni vya chokaa laini, na ndani ya chokaa yamo mawe magumu ya gumegume, yale yale yaliyotiwa katika bunduki za zamani ili yatoe cheche. Mawimbi huyala majabali, chokaa huchukuliwa na maji, gumegume hubaki. Nayo husukwasukwa miaka mingi hata pembe zake zote zikaisha. Tena kokoto hizi hazitulii. Pepo za huko huvuma zaidi kutoka kusini-magharibi, na mawimbi huzisukuma kokoto kwenda mashariki. Kwa hiyo watu wamejenga kuta kutoka ufuoni kuingia baharini ili kuzizuia. Maji yakipwa sana, mchanga kidogo huonekana. Kijana akavua viatu, akaingia mpaka magotini, akatoka upesi. Baridi ya maji yale, hata mwezi wa Juni, haielezeki kwa mtu wa Dar es Salaam.

Hapo kale mji huu ulikuwa wa wavuvi. Katika mwaka wa 1750 tabibu mmoja, Richard Russell, alitoa kitabu cha kusifu maji ya bahari kuwa ni dawa, na matajiri wakaja kuyaoga, na kuyanywa pia. (Ninyi msijaribu kuyanywa, huongeza kiu tu.) Njia ya reli ilipofunguliwa mwaka wa 1841, watu wa kazi nao wakapata kuja asubuhi na kurudi jioni. Ndio waliojengewa gati refu lililofunguliwa mwaka wa 1899, ambalo halikukusudiwa kupakia shehena, bali watu watembee juu ya maji, wale, wacheze.

Lakini jengo lililomsimamisha kijana wetu haliko ufuoni. Ni jumba la kifalme liitwalo Royal Pavilion, lenye makuba na minara kama majumba ya Bara Hindi. Lilijengwa upya kati ya 1815 na 1822 kwa ajili ya George, ambaye baadaye alikuwa mfalme, na mwenye kulichora, John Nash, hakupata kufika Bara Hindi maisha yake yote. Malkia Victoria hakulipenda, na mwaka wa 1850 likauzwa kwa mji.

Wahindi wenyewe walikuja baadaye, wala si kwa matembezi. Vita vya 1914 vilipoanza, askari wa Bara Hindi walipelekwa kupigana Ufaransa, na tangu mwisho wa mwaka ule mpaka mwanzo wa 1916 jumba hili lilikuwa hospitali yao. Majeruhi zaidi ya 2,000 walilala humo, vitanda vimepangwa chini ya taa za kifalme. Walitengewa majiko mbalimbali kwa kadiri ya dini na desturi zao, na katika kila chumba Waislamu walikuwa na maji yao, na Wahindu yao.

Waislamu waliofariki walipelekwa kuzikwa Woking, ulipo msikiti uliojengwa mwaka wa 1889. Wahindu na Masingasinga 53 walichomwa kwa desturi yao juu ya vilima vya chokaa, nje ya mji. Mahali pale pana kuba ndogo ya marumaru nyeupe, Chattri, iliyofunguliwa mwaka wa 1921.

Kijana alipanda basi mpaka mwisho wa nyumba, kisha akaenda kwa miguu, akipita kati ya kondoo. Huko juu hapana mlinzi, hapana mlango. Ni upepo na majani. Karibu na kuba pana ukuta wa mawe uliowekwa mwaka wa 2010, umeandikwa majina. Akayahesabu moja moja, yakawa 53.

Sasa jina la mtaa wake, Kariakoo, latokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya jeshi la wapagazi, waliokuwa na kambi pale katika vita hivyo hivyo. Wapagazi wale walibeba mizigo ya Waingereza, wakafa kwa wingi kwa homa, kuhara na njaa. Mwaka wa 2021 tume iangaliayo makaburi ya vita ya Waingereza ilitangaza kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa. Katika Dar es Salaam ipo sanamu ya askari, ya mwaka wa 1927, nayo ni moja kwa wote.

Jua la Juni huko huzama baada ya saa tatu za usiku, kwa hiyo alishuka mlimani kungali mchana. Akiwa garini alimwandikia bibi yake Kariakoo, kumwuliza habari za yule babu yao aliyechukuliwa upagazi asirudi. Hakutaka lile jina la utani wanalomtaja kwalo nyumbani. Alitaka jina lake kamili, na la baba yake.