Simu za Nyumbani Zirudi Nyumbani

Ndugu Mshauri, nafundisha Jiografia Kidato cha Pili hapa Kilwa Masoko. Nilihudhuria mafunzo ya kutengeneza maswali ya kwenye simu, darasa zima likishindana kujibu. Nikamwomba Mkuu wa Shule awaruhusu wanafunzi waje na simu za nyumbani siku moja tu. Zikaja simu janja chache na vitochi. Nyingine zilikataa kufungua maswali, nyingine hazikuwa na bando. Wenye simu nzuri walifurahi, waliobaki wakawa watazamaji. Binti mmoja alisema simu yao imeharibika. Baadaye nikajua kwao hawana. Niachane na mambo haya?
Mwalimu, Kilwa

Mdogo wangu, usiachane nayo, ila simu za wazazi usiziite tena. Na yule binti usimwite ofisini kumwomba radhi, maana atajua umejua.

Kifaa unacho wewe. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu. Kama unacho kimojawapo, kamera yake inatosha, na kama huna, simu yako janja itafanya kazi hiyo hiyo. Tafuta programu iitwayo Plickers. Unachapisha kadi za karatasi, kila mwanafunzi na yake yenye namba. Kadi ina mchoro mweusi wenye pande nne, A hadi D. Ukiuliza swali, kila mmoja anainua kadi, upande wa jibu lake ukiwa juu. Wewe unapitisha kamera darasani, majibu yanaingia jina kwa jina. Herufi ni ndogo, kwa hiyo jirani haibi. Intaneti inahitajika kwenye kifaa chako peke yake.

Intaneti ikigoma, kata manila, andika herufi kubwa, hesabu kwa macho. Mei 2024 unaikumbuka: Kimbunga Hidaya, barabara imekatika Somanga, na tarehe 12 mikongo ya intaneti ya baharini nayo ikakatika. Somo linalosimama kwa sababu mtandao umesimama halikuandaliwa vizuri.

Usidhani manila ni ya maskini. Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, ndiye aliyeeneza mtindo huu tangu miaka ya 1990: swali, kila mtu ajibu peke yake, wabishane na jirani, wajibu tena. Mwaka 2008 Nathaniel Lasry, mwalimu wa fizikia Kanada, alilinganisha wanafunzi waliojibu kwa vifaa vya elektroniki na waliojibu kwa kadi. Katika kuelewa somo hakuona tofauti ya maana. Kinachofundisha ni ule ubishi.

Basi nguvu zako ziweke kwenye swali. Chukua maji kujaa na kupwa. Ukiuliza bamvua ni nini, watakukariria kwamba ni maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Uliza hutokea lini: mwezi mwandamo tu, mwezi mpevu tu, nyakati zote mbili, au mwezi ukiwa nusu? Wengi watakwambia mpevu tu, kwa kuwa ndio mwezi unaoonekana. Jibu sahihi usilitaje. Waambie wageukiane, kila mmoja amshawishi jirani yake, kisha kadi juu mara ya pili. Darasani kwako hakosi mtoto wa mvuvi anayejua kwamba bamvua huja mara mbili kwa mwezi na maji mafu yako katikati. Siku hiyo yeye ndiye mwalimu. Wewe ukija kuchora jua, dunia na mwezi vikiwa mstari mmoja, mchoro utakuta swali linausubiri. Najua somo hufundishwa kwa Kiingereza. Wakibishana waache wabishane kwa Kiswahili. Kiingereza kitaingia kwenye kuandika.

Darasa likigawanyika karibu nusu kwa nusu, umepata swali zuri. Wote wakipatia mara ya kwanza, songa mbele, hakuna cha kubishania hapo.

Ukiwa na kompyuta za maabara pamoja na kishikwambi na simu yako, siku moja moja changanya, lakini kwa makundi ya wanne au watano, kifaa kimoja kwa kundi. Swali liwe fupi, lienee kwenye kioo kidogo, lijibiwe kwa kubonyeza tu, na ulijaribu kwanza kwenye kifaa kibovu kuliko vyote. Anayeshika kifaa asijibu. Abonyeze walichokubaliana wenzake, na swali linalofuata ampe mwingine.